Mamangu anasema boti ndo iliitoa mimba

Barua ya wiki hii imetoka Lamu. Jina tumelificha kama mwenyewe alivyoomba.

Shikamoo Somo,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaifuta, leo naituma hivo hivo ilivyo, ukikuta makosa nistahi. Jina usiniweke tafadhali manake Lamu hii ukipiga chafya Mkomani, Langoni wanakujibu yarhamukallah.

Nna miaka 38. Mume wangu 44, ni nahodha, ana boti lake la abiria na mizigo, Mokowe na huku visiwani. Ndoa yetu yaenda mwaka wa kumi na moja na Mungu hajatujaalia mtoto. Miaka ya mwanzo nilikuwa nazunguka peke yangu, nimekandwa tumbo na wakunga watatu, nimekunywa makombe, nimechemshiwa mizizi sijui ya nini, mpaka nikaenda Malindi nikapigwa ile picha ya mirija, wanakutia dawa kwa chini halafu eksirei, ikaonekana mirija yangu iko wazi yote miwili. Daktari akaniambia sasa lete mume. Somo, kumleta mume ilichukua miaka miwili. Alipokubali majibu yakatoka mbegu milioni mbili kwa mililita na nyingi hata hazitembei, daktari akasema kiwango cha chini wanachotaka ni kama milioni kumi na sita. Mume akatoka pale hajanena neno mpaka tumefika stendi, ndo akaniambia hii ikae baina yangu na wewe na Mungu, akanitaka niape, nami nikaapa.

Tukaambiwa njia ni IVF, yani yai na mbegu vinakutanishwa maabara halafu unarudishiwa tumboni, na tena ile ya kuchukua mbegu moja kuidunga ndani ya yai manake zenyewe hazina nguvu ya kuingia. Hospitali iko Nairobi. Mume akauza hisa yake ya mashua ya uvuvi aliyokuwa nayo na nduguye, mimi nikauza bangili sita za marehemu nyanya, na tukaungaunga mpaka ikafika. Kwa watu tukasema nna fibroidi naenda kutolewa.

Sindano za siku tano za mwanzo nilijidunga hapa hapa nyumbani, skani ya kwanza nilifanyiwa Malindi nikawatumia kwa wasap wakaniambia anza. Friji yetu ilikuwa imekufa, zile dawa hazitaki joto, bas nikamwomba jirani mwenye duka aniwekee, nikazitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga ili asijue. Kila baada ya isha naenda kuuchukua mkebe, najidunga tumboni, naurudisha. Siku ya nne akaniuliza, maziwa gani haya mama hayaishi?

Nairobi wakanitoa mayai kumi na moja. Yaliyokomaa manane, yaliyoshika mbegu sita, siku ya tano wakanipigia simu wakasema viinitete, yani yale yaliyoshika yakaanza kukua, vimebaki vitatu. Yani kila siku simu ikilia moyo wanguruma. Kimoja wakanipandikiza, viwili wakavigandisha. Siku ya kupandikiza tuliambiwa tusijipake chochote chenye harufu, si marashi si udi si nini, mimi tangu niolewe sijatoka nyumbani bila kufukiza nguo, nilijiona kama natembea uchi. Nikalala pale kibofu kimejaa maji mpaka nalia, kwenye skrini nikaiona kama nyota ndogo nyeupe, daktari akasema umeiona hiyo? Nikalia kilio kingine. Ile nyota mpaka leo nikifumba macho naiona.

Siku ya tatu tukarudi. Bas mpaka Mokowe halafu boti, ilikuwa kusi, tukapigwa na mawimbi mawili matatu mpaka nikashika ubao kwa mikono yote. Nikafika nikapanda ngazi za nyumba zetu hizi unazijua. Matiti yaliuma, nikawa nasikia kichefuchefu, nikajua tayari. Siku ya kumi nikaona damu. Nikapimwa damu ya mkono siku zilipotimia, hakuna kitu.

Mamangu ndo mtu pekee anayejua, akaniambia mwanangu ulipanda chombo na mtoto hajashika, lile wimbi ndo lililomtikisa. Hajalirudia tena lakini limekaa.

Sasa karibu miaka miwili. Maulidi yaliyopita nyumba ilikuwa imejaa wageni, tunamenya vitunguu jikoni, wifi yangu akasema mbele ya watu kumi, kaka yetu atazeeka bila hata wa kumshikia kasia. Mimi nakata kitunguu kimya, machozi nikasingizia kitunguu. Na sasa mama mkwe ameshaona binti huko Faza, kisiwa cha Pate, wa kuwa mke wa pili, anamtaja kila siku. Mume akiambiwa anatazama chini, hasemi ndio hasemi la.

Juzi hospitali wametuma meseji, ada ya kuweka vile viwili kwenye friji kwa mwaka mwingine inaisha mwezi ujao. Mume anasema twende tukaweke vyote viwili kwa pamoja, pacha ni heri, yaishe. Mimi naogopa Somo. Nakaribia 39, nahisi vitakuwa vimezeeka kama mimi. Kuanza tena sindano zile na mkebe ule sina nguvu. Na nikienda, nikae Nairobi miezi mitatu nisiguse boti? Na nikipata, wataambiwa ni mtoto wa chupa? Na mama mkwe nimwambie ukweli ama ninyamaze mpaka yule binti aletwe ndani? Niliapa, lakini kuna siku kiapo chanikaba hapa kooni.

Ni mimi mwenye kiapo, Lamu.

Majibu ya Somo

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya kwanza ni ya bangili, najua hukuniuliza lakini bangili za nyanya hazina duka.

Nianze na boti, manake naona ndo linalokunyima usingizi kuliko hata huyo binti wa Faza. Wewe na mama mnaufikiria mji wa mimba kama mtungi, kitu kimetiwa ndani kinachezacheza, mtungi ukitikiswa kinamwagika. Haukai hivo. Mji usio na mimba umejibandika, ukuta wa mbele umegusana na wa nyuma, katikati pana ute tu. Chukua mikate miwili ya mofa, paka asali, tia chembe moja ya ufuta, bandika. Haya itikise. Panda nayo punda, panda nayo boti la kusi, shuka nayo ngazi, ukija kuifungua chembe iko pale pale. Na hicho kiinitete, hiyo embriyo wanayoiita, ni kidogo kuliko huo ufuta, cha siku tano hakifiki hata robo ya milimita.

Ndo manake ile nyota, nitakuharibia kidogo nisamehe, haikuwa yenyewe. Ule mrija mwembamba unabeba kiinitete ndani ya tone la maji na mara nyingi pamoja na kijipovu cha hewa, na kinachong'aa kwenye skani ni hewa. Chenyewe hakionekani. Lakini kilikuwa hapo jirani yake, kwa hiyo hukukosea sana kulia.

Na fikiria wanawake wanaobeba mimba zao hivi hivi bila daktari. Siku ya tano, siku ya sita, kiinitete chao nacho kinaelea hakijashika, ndo kwanza kinatoka kwenye ganda lake kinatafuta pa kujichimbia, na mwenyewe hana habari, yuko chomboni, yuko kisimani, yuko shambani na jembe. Hakuna anayemwambia usipande boti. Hili la kulala wataalamu wamelipima kwa miaka, zamani waliwalaza wanawake kutwa nzima baada ya kupandikizwa, walipokuja kuwalinganisha na walioinuka papo hapo wakaenda zao, waliolala hawakuwapita wenzao kwa mimba. Kwa hiyo miezi mitatu Nairobi bila kugusa boti, mimi sioni ilikotoka, ila umuulize daktari wako kama wewe una sababu yako ya peke yako. Mama naye usimkasirikie. Alikuwa anatafuta kitu cha kulaumu na wimbi ndo lilikuwa karibu.

Sasa mbona hakikushika. Yai linapokomaa linatakiwa ligawe kromosomu zake kwa usawa, ndo zile zinazobeba maelekezo yote ya kumjenga mtu, na kadiri miaka ya mwanamke inavyosogea mgawo unakosewa kosewa, moja inazidi ama moja inapungua. Kiinitete cha namna hiyo kinaweza kuonekana kizuri kabisa kwenye darubini siku ya tano, halafu kinasimama chenyewe. Mwanamke akifika miaka 40 zaidi ya nusu ya viinitete vyake huwa na hitilafu hizo, na hata kijana wa miaka 28 anavyo vya namna hiyo, ila vichache. Hakuna ulichokula wala ulichobeba. Na yale matiti kuuma na kichefuchefu, zile dawa za projesteroni wanazokupa baada ya kupandikizwa zinafanya vile vile kama mimba. Nimewasikia wengi wameshachagua na majina.

Umeniandikia hesabu yako kama mtu aliyeibiwa sokoni, kumi na moja, manane, sita, vitatu. Hiyo hesabu mwanangu si mbaya. Si kila yai linalotolewa limekomaa, yaliyokomaa hayashiki yote hata yakidungwa mbegu moja moja kama yenu, na yaliyoshika nusu hivi ama chini ya hapo ndo yanafika siku ya tano. Kuna watu wanatolewa mayai kumi na tano wanabaki na kimoja, na kuna wanaobaki mikono mitupu. Wewe ulibaki na vitatu.

Ukitaka kujua kazi hii ilivyo na subira, mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978 huko Oldham Uingereza, mamake alikuwa na mirija iliyoziba. Waliomhudumia ni watatu, Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, bibi ambaye watu humsahau ingawa yeye ndo aliyekuwa akivihudumia vile visahani vya maabara. Kabla ya kufika hapo walipandikiza na kukosa, wakapandikiza na kukosa, kwa karibu miaka kumi walipandikiza zaidi ya mara 100 na watoto waliozaliwa walikuwa wawili tu, Louise mwenyewe akiwa mmojawapo. Siku hizi hali ni nyingine, lakini hata Uingereza yenyewe, mwanamke wa chini ya miaka 35 akiwekewa kiinitete kimoja, kuzaa ni kama mmoja kati ya watatu. Umri ukipanda hesabu inashuka. Kwa hiyo kukosa mara ya kwanza ndo kunakowapata walio wengi.

Hapa nataka nikutue mizigo miwili. Wa kwanza ni umri. Unaogopa vimezeeka kama wewe. Havikuzeeka. Vimegandishwa kwenye naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, pale hakuna kinachosogea, na kinachohesabiwa ni umri uliokuwa nao siku mayai yalipotolewa, sio umri wako leo. Kama ulikuwa na 36, hivyo viwili vina 36 mpaka kesho. Mji wa mimba wenyewe hauzeeki haraka kama mayai. Kwa hiyo ile haraka uliyonayo, ya kwamba bahari inakupwa umesimama, kwa hivi viwili haipo. Ipo kwa kitu kingine, kwamba vikikosa vyote na mkataka kuanza upya kutoa mayai, hapo umri utahesabiwa, na hiyo sikufichi.

Wa pili ni sindano. Kupandikiza kilichogandishwa hakuhitaji tena kukuzwa mayai wala kutolewa. Mara nyingi ni vidonge vya homoni vya kunenepesha ukuta wa mji, skani moja mbili kuangalia umefika, halafu projesteroni siku kadhaa, kisha kinayeyushwa na kuwekwa. Wengine wanaoona siku zao vizuri hufuatishwa na mwezi wao wenyewe bila dawa nyingi. Jambo la kuuliza ustadhi kama itaangukia Ramadhani ni zile projesteroni za kuweka ukeni, manake sisi wa madhehebu ya Shafi kitu kuingizwa huko mchana kina maneno kwenye saumu. Muulize mapema usije ukahangaika siku yenyewe.

Haya, vyote viwili ama kimoja. Mume wako ana hoja na usimdharau, safari ni ndefu, pesa zimeisha, na kweli ukiweka viwili kwa mkupuo nafasi ya kupata siku hiyo inaongezeka. Ila vikiwekwa kimoja leo kingine baadaye kama hiki hakikushika, nafasi ukizijumlisha zinakaribiana sana na kuviweka pamoja. Tofauti ni pacha. Na pacha hapa kwetu tunawapenda, tunawaimbia, lakini tumbo la pacha linaleta presha zaidi, linaleta kujifungua kabla ya wakati, watoto wadogo wanaotaka mashine ya joto na hewa. Sasa piga picha saa nane usiku, wiki ya thelathini, uko Lamu, maji yamekupasukia. Kutoka hapo mpaka penye kitengo cha watoto njiti ni boti na gari, mume wako ndo anajua hiyo njia kuliko mimi na daktari wote. Pengine umuulize yeye hilo swali, kama nahodha. Upande wa pili, mkisema kimoja kimoja, mjue kila kuyeyusha na kuweka kuna bili yake na nauli yake, na kuna watu wanaishiwa katikati. Na kuyeyusha nako, vingi huamka salama siku hizi, ila si ahadi, kinaweza kisiamke. Kabla ya kuamua muombeni daktari ripoti ya hivyo viwili, ni vya siku ya ngapi na daraja lao ni lipi, manake viwili vizuri na viwili hafifu havipangwi kwa akili moja.

Nije kwa nahodha sasa. Kuna mahali umeandika hasemi ndio hasemi la, halafu mstari unaofuata ukaandika anasema twende. Mimi simjui mumeo, naweza nikawa nimekosea, lakini hilo twende nimelisoma mara mbili. Je ni mtu anayengoja mke wa pili, ama ni mtu anayetaka jambo litokee kabla hajalazimika kumjibu mamake? Wewe ndo unalala naye chumba kimoja. Na kuna jambo ambalo huenda umeshalifikiria ukaogopa kulisema. Huyo binti wa Faza atakuja na mayai yake, mayai machanga pengine, lakini mbegu zitakuwa zile zile milioni mbili. Mimba yaweza kutokea, sisemi haiwezekani, lakini kuna uwezekano mkubwa miaka mitatu baadaye na yeye anauza bangili. Mumeo analijua hilo. Nadhani ndo maana anatazama chini.

Nawaza pia kama yeye alihudumiwa kweli ama alisomewa namba tu akarudishwa. Alipimwa mara ya pili? Aliangaliwa mishipa ya korodani kama imevimba? Hiyo ni sababu ya kawaida sana na mingine hutibika. Anavuta sigara? Mbegu huchukua miezi miwili unusu hivi kutengenezwa, kwa hiyo akibadilisha kitu leo hakionekani kesho. Na mtu amwambie, ikiwezekana mwanamume mwenzake, daktari, kwamba uchache wa mbegu hauna uhusiano na uanaume wake chumbani. Wanaume wengi hawajui hivo ni vitu viwili. Alipokuambia pale stendi ikae baina yetu, nadhani alikuwa anazungumzia hicho kingine.

Kiapo. Uliapa kutosema namba zake. Lakini ile hadithi ya fibroidi mliitunga wote wawili, na tazama ilipofika, imekufanya wewe uwe mgonjwa mbele ya ukoo mzima na yeye awe mwenye subira. Sidhani alikusudia. Sasa njia ziko kadhaa na zote zina miiba. Unaweza kunyamaza kabisa mpaka mwisho, utalinda heshima yake, na wewe utaendelea kumenya vitunguu. Unaweza kusema yote kwa hasira siku moja wifi akikuchokoza, utapumua usiku mmoja, halafu utamkuta mume aliyevuliwa nguo sokoni, na kiapo kina kafara yake pia, masikini kumi wa kulishwa, asiyeweza afunge siku tatu. Katikati kuna kitu chembamba, kumuomba yeye mwenyewe akufungulie kidogo. Si namba. Sentensi moja tu, aiseme yeye kwa mamake, sio wewe: mama tuko kwa daktari, tatizo ni letu sote, tupe muda. Kauli hiyo haina uongo na haimvui nguo. Ila ikisemwa, mama mkwe ataanza kuuliza maswali, muwe mmekubaliana mtaishia wapi. Na anaweza kukataa. Akikataa utakuwa umejua kitu ambacho sasa hivi hukijui, na nielewe, si lazima utake kukijua wiki hii.

Hilo la mtoto wa chupa, chupa yenyewe haipo, ni kisahani kidogo cha plastiki, na hata humo anakaa siku tano tu kati ya miezi tisa. Hapa Kenya watoto hawa wanazaliwa tangu 2006, wa mwanzo sasa ni watu wazima. Upande wa dini lilishazungumzwa zamani, Al-Azhar walitoa fatwa 1980, na wanazuoni wa Baraza la Fiqhi walipokutana Amman 1986 wakaliruhusu kwa mume na mke wakati wa ndoa yao, yai la mke, mbegu ya mume, mji wa mke huyo huyo, bila mtu wa tatu. Nyie ndivyo mlivyo. Ila hayo maneno ya wakati wa ndoa yana maana, yakitokea ya talaka Mungu apishie mbali, ruhusa hiyo inakwisha, na karatasi mliyotia sahihi hospitali nayo inasema viinitete vitafanywa nini. Mke wa pili peke yake haivunji ndoa yako, kwa hiyo haligusi hilo, lakini itafute hiyo karatasi uisome upya ukiwa umetulia. Watu huisaini siku ambayo macho hayaoni.

Ada ya friji, hiyo ndo yenye tarehe, mengine yote hayana. Uliza kama wanakubali kulipwa miezi michache badala ya mwaka, kuna wanaokubali. Mkishalipa hamjaamua lolote, si kimoja si viwili si Faza, mmejinunulia nafasi ya kukaa barazani usiku mmoja akitoka baharini ameshakula, umuulize lile swali la saa nane usiku na umsikilize anavyolijibu.

Na ule mkebe wa maziwa, kama bado uko dukani, kauchukue. Vidonge vya safari hii mara nyingi havihitaji friji, waulize tu duka la dawa. Jirani akikuuliza tena mwambie yameisha.

Niandikie, hata kama ni mistari miwili.

Somo wako, Malindi